Unga wa Chuma Dhidi ya Kromu: Kabla Hujamwaga Kitu Kisimani

Swali linatoka mitaa ya Bunia, linatoka Mudzipela, linatoka Saio, linatoka kwa wenye karakana na kwa wanafunzi wa kemia, na maneno yake karibu ni yaleyale: "Tumesikia kuna unga mweusi wa chuma, wenye chembe ndogo kuliko vumbi. Ukiutia kwenye maji unaua sumu ya kromu. Tuupate wapi, na tutie kiasi gani?" Wengine wameshaahidiwa na mchuuzi. Wengine wameanza kukusanya misumari ya kutu.

Jibu fupi ni hili: ni kweli, chuma kinaiweza kromu. Lakini unga huo si wa kutia kwenye bidoni la maji ya kunywa, na kwa watu wengi wa Bunia si hatua ya kwanza wala ya pili. Kuna mambo ya kufanya kabla yake, na mengi hayagharimu kitu.

Kwanza ujue ni kromu ipi

Kromu huja kwa sura mbili zinazotuhusu. Kromu tatu haina ukali mkubwa, huganda kwenye udongo na haitembei sana. Kromu sita huyeyuka, hufuata maji popote yaendapo, huunguza ngozi na mapafu, na imethibitishwa kuwa husababisha kansa kwa wanaovuta vumbi au moshi wake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.05 za kromu yote kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Chuma huigeuza sita kuwa tatu. Kazi yake ni hiyo tu. Kromu yenyewe haitoweki. Inabaki pale pale, kwenye matope ya chini. Ukilishika hilo, maonyo yote yanayofuata utayaelewa bila kusukumwa.

Hapa kwetu inatoka wapi

Bunia haina viwanda vikubwa vya ngozi kama vya Athi River nchini Kenya au Jinja nchini Uganda. Kwetu kromu sita huingia kwa milango midogo, na fundi ndiye huipokea kabla ya mtu mwingine:

- Simenti mbichi.
- Moshi wa kuchomelea inoksi (chuma kisichoshika kutu), na vumbi la kuisaga.
- Rangi za zamani za njano na za kuzuia kutu kwenye malori na milango ya chuma. Nyingi zilitengenezwa kwa kromati, na za njano mara nyingi zina risasi pia.
- Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kijani yenye kromu, shaba na arseniki. Majivu yake ni sumu. Msizipikie, msizichomee matofali.
- Chumvi za kromu anazonunua mtu anayetaka kufungua kiwanda kidogo cha ngozi. Hizo kwa kawaida ni kromu tatu, lakini inaweza kugeuka kuwa sita.

Nitakaa kidogo kwenye simenti, maana ndiyo inayogusa watu wengi na ndiyo inayozungumzwa kidogo.

Simenti: mahali ambapo chuma tayari kinafanya kazi

Fundi anayekanyaga zege mbichi bila buti, au kijana anayepakua mifuko kwa mikono mitupu, huanza kwa kuwashwa kati ya vidole. Ngozi hukauka, hupasuka, hutoa maji. Sehemu ya maumivu hayo ni ukali wa chokaa. Sehemu nyingine ni kromu sita iliyomo ndani ya simenti, na hiyo ina tabia mbaya zaidi: mwili ukishaizoea kama adui, mzio haukuachi. Fundi wa miaka 25 anaweza kulazimika kuacha kazi yake kwa sababu kila akigusa simenti mikono inafumuka upya.

Mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutumia kikomo cha miligramu 2 za kromu sita inayoyeyuka kwa kila kilo ya simenti. Njia waliyoishika zaidi ni chuma: salfeti ya chuma inachanganywa na simenti kiwandani, nayo huigeuza kromu sita pale tu maji yanapoingia. Hakuna chembe za ajabu wala mashine ya kigeni. Lakini nguvu ya salfeti hiyo hupungua kwa unyevu na kwa kukaa muda mrefu, na wewe huwezi kujua kwa macho kama mfuko ulio mbele yako umetiwa au la. Kwa hiyo:

- Vaa buti za mpira na glavu zisizopitisha maji. Glavu za kitambaa zikilowa ni mbaya kuliko mikono mitupu, kwa sababu zinaikandamiza simenti kwenye ngozi.
- Simenti ikiingia ndani ya buti, simamisha kazi, vua, osha. Usingoje jioni.
- Usipige magoti kwenye zege mbichi. Weka ubao.
- Weka ndoo ya maji safi na sabuni karibu na kazi. Maji ya kuoshea mwiko si maji ya kuoshea mikono.
- Maji ya kuoshea toroli na mapipa usiyamwage kwenye mkondo wa Nyamukau wala juu ya chanzo ambacho akina mama wanachota. Chimba shimo dogo, yaache yatulie, udongo ugande.

Papa tajiri unayejenga nyumba, glavu na buti za watu wako ni juu yako, si juu ya kibarua.

Inoksi na rangi, kwa ufupi

Chomelea inoksi nje au mlango ukiwa wazi, simama upepo ukitokea mgongoni au ubavuni, na usiiname juu ya moshi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii moshi huo. Tafuta barakoa ya chujio inayoshika chembe ndogo. Rangi ya njano ya zamani usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, kwangua, kusanya maganda kwenye mfuko, na watoto wasicheze hapo.

Kabla ya dawa yoyote, pima

Maji yenye kromu sita nyingi huonekana ya njano. Lakini kufikia hapo yameshapita kikomo mara nyingi, na maji meupe yanayong'aa bado yanaweza kuwa nayo. Zaidi ya hayo, maji yetu mengi ni ya njano au mekundu kwa sababu ya udongo tu. Usihukumu kwa macho.

Kipimo cha haraka kinatumia kemikali iitwayo difenilkabazidi: maji yenye kromu sita, yakiwa yametiwa asidi kidogo, hugeuka zambarau. Vipo vifurushi vidogo vya kupimia vinavyotumia njia hiyo. Ukitaka namba ya kuaminika, peleka sampuli maabara. Anza kwa kuuliza OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, na walimu wa kemia wa vyuo vikuu vya mjini. Wasipokuwa na kifaa, uliza Kisangani au Kampala.

Makosa ya sampuli ndiyo yanayoharibu majibu mengi:

1. Tumia chupa ya plastiki mpya au ile iliyotolewa na maabara. Chupa ya soda iliyooshwa kwa javeli (dawa ya klorini) haifai.
2. Isuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayopima.
3. Andika mahali, tarehe na saa kwenye chupa yenyewe, si kwenye karatasi iliyo mfukoni.
4. Iweke kwenye baridi na gizani.
5. Sema unachotaka kujua: kromu sita peke yake, au kromu yote. Ni vipimo viwili.
6. Sampuli ya kawaida ya kromu sita inapaswa kupimwa ndani ya saa 24. Ikiwa inavuka mpaka, omba maabara ikupe mapema chupa yenye kemikali ya kuihifadhi. Hapo inaweza kukaa siku 28. Bila hivyo utalipa nauli na ada, upate namba isiyo na maana.

Kwa mwenye maji machafu ya kazi: anza na salfeti ya chuma

Sasa tufike kwa yule mwenye shida hasa: karakana au kiwanda kidogo chenye pipa la maji ambalo kipimo kimesema lina kromu sita. Ushauri wangu ni kuuacha kwanza ule unga mweusi, unaoitwa wa nano. Salfeti ya chuma ni ya bei nafuu, hutumika hata shambani, na kwa maji yaliyomo ndani ya pipa inafanya kazi ileile.

Fuwele safi za salfeti ya chuma zina rangi ya kijani hafifu. Zikianza kuwa na unga wa kahawia au wa njano juu yake, zimekula hewa na nguvu imepungua. Nunua kidogo, funga vizuri, weka pakavu, mbali na watoto. Chuma kingi tumboni mwa mtoto huua.

Hesabu yake: gramu 1 ya kromu sita inahitaji gramu 16 hivi za salfeti ya chuma. Tuseme pipa lako ni la lita 200 na maabara imesema miligramu 50 kwa lita. Hiyo ni gramu 10 za kromu, kwa hiyo gramu 160 za salfeti kwa hesabu ya daftari. Katika kazi halisi utahitaji zaidi, mara moja na nusu hadi mara mbili, kwa kuwa uchafu mwingine nao unakula chuma.

Kisha fuata mpangilio huu, bila kuruka:

1. Jaribu kwanza kwenye chupa za lita moja moja, kila moja na kipimo chake. Chukua kipimo kidogo kabisa kilichofuta zambarau.
2. Hakikisha maji ya pipa ni machachu, pH chini ya 6. Karatasi za kupimia pH zinatosha.
3. Yeyusha salfeti kwenye maji kidogo, mimina, koroga polepole kwa nusu saa.
4. Pima kwa difenilkabazidi. Zambarau ikiwapo, ongeza. Usiendelee mpaka iishe.
5. Ndipo utie chokaa kidogo kidogo hadi pH 8 au 9. Utaona mawingu ya kahawia na kijani yakishuka.
6. Acha usiku mzima. Toa maji ya juu, yapitishe kwenye mchanga, pima tena.

Kosa kubwa ninaloliona kwa wanaojifunza kazi hii ni kutia chokaa kwanza. Kwenye maji yenye chokaa, hewa hukila chuma upesi, na kingi kinaweza kuisha kabla ya kukutana na kromu. Unaona matope yanatua, maji yanang'aa, unadhani umemaliza, kumbe kromu sita bado iko juu, kwenye maji yale mazuri.

Fanya kazi nje, na glavu, na miwani. Maji yaliyotoka hapo si ya kunywa, wala ya ng'ombe, wala ya bustani ya lengalenga.

Anayeanza biashara ya ngozi za ng'ombe wa Djugu na Irumu ana njia bora zaidi: asiiguse kromu kabisa. Gome la miwati limetumika Afrika Mashariki kwa miaka mingi kutengeneza ngozi. Kazi inachukua muda mrefu, ngozi inatoka ngumu kiasi, lakini hutakuwa na pipa la sumu la kulinda usiku na mchana.

Basi nano ni ya nani?

Ni ya sumu iliyokwishazama ardhini, mahali ambapo huwezi kuchota maji yote ukayatia kwenye pipa. Chembe hizi ni ndogo sana, chini ya nanomita 100. Unywele wa mtu ni mnene kuliko chembe moja mara elfu hivi. Kwa sababu ya udogo huo gramu moja ina eneo kubwa la kukutana na sumu, na inaweza kupigwa bomba ndani ya ardhi pamoja na maji.

Ubaya wake ni kwamba chembe tupu za chuma hushikana na kuwa mabonge, hushika kutu upesi, na zikikauka zinaweza kuwaka moto zenyewe hewani. Ndiyo maana huboreshwa, na mchuuzi lazima akuambie zimeboreshwa kwa nini:

- Wanga au selulosi huzuia mabonge na kuzipeleka mbali kidogo ardhini. Wanga hulisha pia bakteria.
- Udongo wa bentonaiti au makaa ya mimea huzishika mahali pamoja. Hizo zinafaa kwenye tangi au chujio, si za kupiga ardhini.
- Tabaka la salfa huzifanya zidumu, maana chuma hakipotei bure kwa kupigana na maji.
- Maji ya chai huchanganywa na chumvi ya chuma. Wanafunzi wanaipenda njia hii kwa kuwa majani ya chai yapo. Kinachopatikana mara nyingi si chuma tupu, ni mchanganyiko wa chuma na tanini za chai. Nzuri kwa zoezi la maabara, chini ya mwalimu.

Hata zikiboreshwa, kwa kawaida husafiri mita chache tu kutoka kwenye tundu. Anayekuambia atatia mfuko mmoja kwenye kisima kimoja na kusafisha mtaa mzima anakudanganya.

Na kabla ya kudhani kuwa kidogo zaidi ndiyo bora zaidi, tazama Elizabeth City, kule North Carolina, Marekani. Mwaka 1996, kwenye kituo cha walinzi wa pwani ambako karakana ya kupaka kromu ilikuwa imechafua maji ya ardhini, walichimba mtaro wa mita 46, kina cha mita 7 na kidogo, wakaujaza tani 450 hivi za chuma chembechembe cha kawaida. Maji yalipita kwenye ukuta huo yenyewe, kromu ikabaki humo, na ukuta ukafuatiliwa kwa miaka mingi ukiwa bado unafanya kazi. Hapakuwa na nano. Palikuwa na watu waliojua maji ya ardhini yanaelekea wapi, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza kwa yeyote anayefikiria mradi kama huo hapa: visima vitatu au zaidi vya uchunguzi, mwelekeo wa maji, kipimo cha udongo wenyewe, kisha jaribio dogo, kisha ruhusa ya huduma ya mazingira ya mkoa.

Maswali yanayokuja baada ya hapo

*Misumari ya kutu ndani ya mtungi, haitoshi?* Nepal walitengeneza chujio cha mchanga chenye kilo 5 hivi za misumari, na Bangladesh wana chujio lao la chuma. Yote mawili yaliundwa kwa arseniki, yakapimwa kwa arseniki. Kwa kromu, msumari unavikwa ganda baada ya muda na kuacha kufanya kazi, na hutajua ni siku gani umeacha. Ile ya mabati ina zinki, ndiyo mibaya zaidi.

*Udongo wetu ni mwekundu, umejaa chuma. Si unasafisha wenyewe?* Chuma hicho kimeshakula hewa, hakina tena cha kuipa kromu. Unashika kidogo, haugeuzi.

*Nikichemsha?* Kuchemsha kunaua vijidudu. Kromu inabaki, na maji yakipungua inakuwa kali zaidi.

*Javeli je?* Hapa nisikilizeni vizuri. Javeli inaweza kuirudisha kromu tatu kuwa sita, kwa hiyo usiitie kwenye pipa la taka za kromu. Lakini maji ya kunywa ya nyumbani endeleeni kuyatibu kama mnavyofundishwa. Kipindupindu kinaua mtoto wa Ituri kwa siku moja, na hakuna hofu ya kromu inayostahili kumwacha mama anywe maji yasiyotibiwa.

*Sisi tuko Mongbwalu, shida yetu ni zebaki. Unga huu utatusaidia?* Hapana, si pale mnapoumia. Zebaki inawaingia kupitia moshi wa kuchoma dhahabu, na unga ulio majini haukamati moshi. Chomea kwenye chombo kilichofungwa kinachopoza mvuke na kuirudisha zebaki, mbali na nyumba, na mama mjamzito asiwe karibu. Zebaki utakayoirudisha ni pesa yako pia.

Akija mchuuzi

Muulize haya, na asipojibu mawili kati yake usimlipe:

- Nani amepima maji yetu, na karatasi ya maabara iko wapi?
- Unga umetengenezwa lini, na umehifadhiwa ndani ya nini? Chuma cha nano kilichokaa kwenye mfuko wa wazi ni kutu.
- Umeboreshwa kwa nini?
- Nani atapima tena baada ya mwezi mmoja, baada ya mwaka?
- Matope yataenda wapi?

Matope

Hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Kromu tatu imelala kwenye matope, na inaweza kuamshwa. Ikichomwa kwa moto hurudi kuwa sita. Ikichanganywa na unga mweusi wa betri za redio, ambao ni manganisi, hurudi vilevile, polepole, ndani ya shimo la taka. Kwa hiyo usichome, usitupe betri humo, usimwage javeli, usiyape shamba kama mbolea.

Yakaushe kivulini juu ya plastiki nzito, chini ya paa, kisha yatie kwenye pipa lenye kifuniko, juu ya sakafu ya zege, mbali na kisima. Andika juu yake kwa Kiswahili na Kifaransa: kromu, sumu, tarehe, jina la mwenye kazi. Weka daftari la kila pipa. Siku mamlaka au kampuni yenye kibali ikija kuyachukua, watauliza daftari hilo kabla ya kugusa kifuniko.